Nyasi Zilizokamua Ndizi

Nakumbuka msimu mmoja wa ndizi, mwanangu, wakati wa vita ya pili ya Kongo. Ndizi zilijaa Bukavu, lakini wanunuzi hawakuonekana. Wakulima wa Kabare walizishusha mjini alfajiri, wakakuta soko la Nyawera limefungwa kwa sababu ya risasi za jana yake. Badala ya kupanda mlima na mzigo uleule, wakaziacha kwa jamaa zao, nasi tukiwamo. Nyumbani kwetu Nyalukemba kukanukia utamu kuanzia mlangoni hadi kwenye ua wa nyuma. Hadi leo nikisikia harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, nauona ule uwanja, ukungu wa ziwa ukipanda taratibu, na mama yangu amekunja mikono ya blauzi, akicheka na ndizi kama anacheka na watu.

Nimeambiwa umepata sungura, na kwamba unampa biskuti kwa sababu anazipenda. Sikugombezi. Kaa hapa, nikusimulie habari za Mupe.

Mupe alikuwa sungura wa kaka yangu Pascal. Alikuwa mweupe kama kanzu ya padri siku ya Pasaka, na kwa kuwa kwetu padri huitwa mupe, jina likamganda. Mama alipinga, akasema ni dhambi. Baada ya wiki chache yeye ndiye aliyekuwa akiita kwa sauti kubwa kuliko sote. Pascal alikwenda Shabunda kufundisha shule, barabara ikakatika nyuma yake. Hakukuwa na simu, wala mtu wa kuleta salamu. Nikuondolee wasiwasi mapema: alirudi vita ilipotulia, amekonda, ana mke, na kicheko chake ni kilekile. Lakini siku ninazokusimulia hatukujua hilo. Tulijua tu kwamba ametuachia sungura wake.

Mama akaweka neno moyoni mwake. "Mupe akikula, na Pascal iko anakula," alisema. Sikuthubutu kumjibu, maana mama anayengoja hasahihishwi. Basi kila chakula kilichopikwa, Mupe alipata sehemu yake. Kipande cha foufou, ule ugali wetu wa muhogo, ukoko wa mkate, ndizi iliyoiva, maharage ya jana. Mimi nami nilimpa kidogo mama asipoona, na mjomba aliyekimbilia kwetu kutoka Walungu alimpa chake. Chovya chovya humaliza buyu la asali, ndivyo wasemavyo. Kila mmoja wetu alitoa tone, na hakuna aliyehesabu matone ya mwenzake. Mupe akanenepa. Tukafurahi, kwa sababu kwetu, hasa wakati wa vita, unene ni habari njema.

Nyasi tulikuwa tukimkatia kando ya ziwa. Wiki ile kulikuwa na askari huko chini, hakuna aliyeshuka. Ndipo siku ya kukamua ndizi ikafika.

Huenda hujaona ndizi zikikamuliwa kwa mkono, kwa hiyo nikueleze. Unamenya ndizi zilizoiva, unaziweka katika beseni kubwa, juu yake unatia nyasi ngumu ndefu, kisha unaponda na kukanda kwa mikono yote miwili. Nyasi ndizo zinazolilazimisha tunda kutoa maji yake. Yanatoka mutobe, maji matamu ambayo mtoto huyanywa akalamba vidole, na ukiyaacha yachachuke na mtama yanakuwa kasikisi, pombe ya wakubwa. Zile nyasi, kazi ikiisha, zinabaki kama shungi lililolowa, zimeshika uji wa ndizi katika kila unyuzi.

Mama alizitazama, akamtazama Mupe ambaye hakuwa ameona jani bichi siku kadhaa. Akasema, "Bon. Nyasi si njo hii?" Akambebea fungu zima.

Nani angemkataza? Zilikuwa nyasi kweli. Mupe alikula kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mnyama. Zile zilizobaki zikalala bandani mwake, zikaanza kuchachuka kwa joto la mchana.

Asubuhi iliyofuata hakuja kwenye mlango wa banda. Alikuwa amejikunyata pembeni, macho yamefumba nusu, akisaga meno kwa sauti ndogo kama mtu anayetafuna mchanga. Nilimshika tumbo, nikalikuta limejaa na ni gumu. Chini ya banda hapakuwa na kinyesi hata kimoja. Mama aliposikia, alikaa chini pale pale kwenye udongo, na sura yake ilibadilika ikawa ya mtu aliyeletewa telegramu ya msiba.

"Muletee uji wa mahindi na sukari," akaniambia. "Mugonjwa haulizwe uji."

Nilikuwa nimeshakoroga, kijiko kiko mkononi, Maman Noella alipochungulia juu ya ua. Alikuwa jirani yetu, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo na mifugo, mwanamke wa maneno ya haraka. Kabla ya vita alizunguka vijijini kufundisha watu kufuga sungura na dende, vile vinyama vidogo visivyo na mkia, na barabara zilipofungwa alibaki nyumbani akifundisha kila aliyepita.

"Espérance! Weye, acha hicho kijiko," aliniambia. "Unataka kumuzika na sukari mudomoni?"

"Iko mugonjwa, maman. Hajala."

"Njo maana usimulazimishe." Akaingia, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa Mupe kama anayesikiliza redio yenye betri hafifu. Kisha akaona zile nyasi. Akachukua unyuzi mmoja, akaunusa, akamtazama mama. "Mama Pascal. Ulimupatia hii?"

"Ni nyasi tu, Noella."

"Haiko nyasi tena. Iko pombe yenye kuvaa nguo ya nyasi. Mupe wenu amelewa!"

Mjomba akaangua kicheko, kisha akakinyamazisha alipoona hakuna mwingine anayecheka.

Maman Noella alitueleza, naye alieleza polepole alipoona tunaogopa. Tumbo la sungura, alisema, ni kama moto wa makaa uliofunikwa. Ndani yake kuna vijidudu vyema vinavyosaga majani, na vinahitaji majani makavu na magumu ili kila kitu kiendelee kusogea. Ukivimwagia sukari, foufou au mkate, vibaya vinaamka, vinazaa hewa, na tumbo linasimama. Sungura hawezi kutapika wala kucheua kama mbuzi. Kilichoingia lazima kipite, na kisipopita kinamuua. "Wengi wanakufaka," alisema waziwazi. "Siwezi kuwadanganya."

Tukaondoa kila kilichokuwa bandani. Mjomba akatoa magodoro mawili ya nyasi tuliyowatandikia wakimbizi, akachomoa nyasi kavu zilizokuwa ndani, zile safi zisizo na ukungu, akaziweka karibu na pua ya Mupe bila kumsukuma. Mimi nilifunga chupa ya maji ya moto kwa kitenge, nikamwekea ubavuni, maana masikio yake yalikuwa baridi. Maji safi yakawekwa karibu. Maman Noella alinionyesha kumpapasa tumbo kwa vidole vilivyolegea, kwa muda mfupi, na kuacha akikaza mwili. Kisha tulimweka chini ili atembee mwenyewe kidogo, maana mwili ukisogea, utumbo nao unakumbuka kazi.

Mama hakutusaidia. Alikaa amekishika kibakuli cha ule uji niliokoroga, hajui akiweke wapi.

"Mama Pascal," Maman Noella alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya haraka, "huyu si Pascal."

Mama akakibana kibakuli kifuani.

"Najua mikono yako inawasha kupakulia mutoto. Yangu pia iliwashaka. Lakini hii njaa iko yako, haiko ya huyu munyama. Pascal umuombee. Mupe umupatie nyasi."

Mama alilia, mwanangu. Alilia bila kuficha uso, ndipo nilipojua kwamba tangu barabara ifungwe hakuwa amelia. Kisha akaninyooshea kile kibakuli. "Kula weye," akasema. "Umekonda na hakuna mwenye aliona." Ilikuwa kweli. Nikala uji wote pale pale, na ulikuwa mtamu sana.

Jua lilipokuwa limevuka mapaa, Mupe alivuta unyuzi mmoja wa nyasi kavu. Akatafuna, akaacha. Akavuta mwingine. Kitambo baadaye kikaanguka kinyesi kimoja, kidogo na kikavu, kikifuatwa na vingine. Mama akaruka juu. "Mupe amekunya! Asante Bikira Maria, Mupe amekunya!" Majirani waliokuwa wakipita barabarani wakasimama, na kwa muda fulani ilibidi mjomba atoke nje kuwaeleza kwamba si padri wa parokia.

Basi, mwanangu, sikiliza ninalokupa. Chakula cha sungura wako kiwe nyasi kavu, mchana kutwa, pamoja na maji safi. Majani mabichi yanyauke kwanza kivulini, wala usiyatoe yakiwa na umande. Kila kipya kianze kwa kiganja kidogo, kiongezwe polepole, kwani haraka haraka haina baraka hata tumboni. Kipande cha ndizi kikubwa kama ncha ya kidole kinatosha, tena mara moja moja. Mkate, biskuti, foufou na maharage viache mezani pako. Ukimwona akila kinyesi chake laini, usimfukuze na ufagio kama nilivyofanya mimi kwa kujidai usafi. Ndivyo alivyoumbwa, anakipitisha tumboni mara ya pili. Tazama chini ya banda kila asubuhi kabla ya kumtazama usoni. Kinyesi kikipungua, au akikataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku ileile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa sungura ukuta wenyewe hauna muda wa kujengwa.

Na utakapoona mkono wako unanyoosha kitamu, kwa sungura au kwa mtu, jiulize kwanza njaa ni ya nani. Ikiwa ni yake, mpe kinachomfaa. Ikiwa ni yako, njoo tukae, tupike, tule wote wawili.

Mungu akupe nyumba yenye midomo inayokula vizuri, mwanangu, na wote unaowangoja awalinde njiani. Amina.