Kufuli Jipya Kihonda

Nilinunua kufuli asubuhi, mwenzangu akiwa sokoni na mboga zake za Mgeta. Nikafunga chumba, nikakaa barazani kumsubiri. Tulikuwa tumeishi pamoja zaidi ya miaka mitatu bila ndoa, na siku hizo hata salamu zilikuwa zimekwisha. Aliyepanga chumba ni mimi. Niliona hilo linatosha kumwondoa.

Alirudi, akaliona kufuli, akatua beseni na kuondoka. Aliporudi tena alikuwa na mwenyekiti wa mtaa, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho.

"Shikamoo baba. Huyu mama ni nani kwako?"

"Marahaba. Ni mgeni wangu. Namtaka aondoke."

Mwenye nyumba, bibi wa Kiluguru aliyekuwa akipepeta mchele uani, akaweka ungo chini.

"Mgeni? Si nilikwambia sipangishi mwanaume asiye na mke? Ukamleta huyu, ukasema ndiye mkeo. Nikawachinjia kuku."

Nilisema hivyo kweli, tena hata mbele ya balozi wa nyumba kumi. Nilikuwa nataka chumba, na neno lile halikuniwia zito.

"Baba," mwenyekiti akasema, "mkishaishi hivi zaidi ya miaka miwili, watu wakiwajua kama mume na mke, sheria nayo inaweza kuwaona hivyo. Nenda baraza la ndoa la kata. Likishindwa, mahakama. Kwa kufuli humtoi mtu. Fungua, na ufunguo mmoja mpe yeye."

"Fungua, bwana mwenye mgeni," mwenzangu akasema. "Mchicha unanyauka."

Majirani wakacheka. Nilifungua.

Kule kata nimekwenda hadi nimechoka. Leo katibu hayupo, kesho kuna msiba, siku nyingine naambiwa nije na mwenzangu, na yeye hana nafasi, anauza mboga. Jioni tunarudi chumba kilekile, pazia katikati, kila mtu na jiko lake la mkaa.

Juzi nikamwomba yule bibi amwondoe mwenzangu, maana nyumba ni yake. Hakuinua hata macho.

"Mimi nilimpangisha mtu na mkewe. Ukisema huna mke, basi wa kuhama ni wewe."

Nilirudi ndani. Upande wa pili wa pazia mwenzangu alikuwa akichambua mchicha, na funguo zetu mbili za kufuli lile zilining'inia kwenye msumari mmoja.