Chai ya Wifi

Wifi yangu ni mtunzi wa riwaya. Wasomaji wake wanamwita Bi Itaendelea, kwa sababu hajawahi kuwapa sura bila kuwaacha wananing'inia na neno hilo chini yake. Wengi hudhani mtunzi ni mtu wa kuamka na kutazama maua. Huyu wetu huamka akatafuta miwani, akalaumu nyumba nzima kwa kumfichia, kisha akaikuta kichwani mwake.

Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya daktari wa mifugo. Miaka yote hiyo alichapa ripoti za ng'ombe: alikataa majani, akalala ubavu, akafa. Anasema huko ndiko alikojifunza kutunga. "Wifi, ripoti ya ng'ombe haina porojo. Unajua tangu mstari wa kwanza kwamba atakufa, na bado unasoma." Kaka yangu alimwoa akiwa mpiga chapa, na mimi nilihamia kwao kaka alipoanza kuugua tumbo. Wifi alikuwa kazini kutwa, kwa hiyo uuguzi uliniangukia mimi. Nilimgeuza, nikamwosha, nikamnywesha chai kijiko kwa kijiko alipokuwa hataki kitu kingine. Madaktari walisema ni ini. Tulimzika, nikabaki, maana nyumba ilikuwa kubwa kwa mjane mmoja na mimi sikuwa na wa kunisubiri kwingine. Tukaishi kwa utani wa mawifi: yeye ananisema kwa ulimi wangu mrefu, mimi namsema kwa sufuria zake zilizoungua. Nilimpenda. Nalisema mapema, maana huko mbele huenda lisisikike.

Katika utunzi wake mimi nilikuwa na kazi moja. Akimaliza sura, alinipa niisome kwa sauti, naye alifumba macho kwenye kiti cha kaka asikie panapokwama. Nikikosa pumzi katikati ya sentensi, sentensi hiyo ilivunjwa. Jumamosi asubuhi aliituma kwenye kundi la wasomaji wake kwenye simu, na simu ikaanza kutetemeka juu ya meza hadi nikaifunika kwa kitambaa.

"Wasomaji wangu ni wanangu," alikuwa akisema.

"Wana gani hao wanaompangia mama yao la kusema?"

Niliwaogopa hata kabla ya kuwa na sababu. Katika riwaya iliyotangulia alimuua mwalimu mmoja mpole, na Jumapili yake wakaja nyumbani kina mama kadhaa, wamevaa nguo za msiba, wakavua viatu mlangoni na kutupa pole. Nilidhani wanatania. Mmoja alilia hadi nikamletea maji. Wifi akawapokea, akakaa nao kwenye mkeka, akaeleza jinsi marehemu alivyokata roho. Nilisimama jikoni na kijiko mkononi nikajiuliza nani kati yao ana akili timamu.

Kisha ikaja riwaya ya Mpangaji. Habari yake ni nyepesi kusimulia. Mzee mwenye nyumba anaugua polepole, na anayemtilia kitu kwenye chai ni mtu wa chumba cha nyuma, ambaye hana jina, anaitwa Mpangaji tu. Nilijua yule mzee kachukuliwa kwa kaka yangu, mpaka namna ya kuvuta shuka. Niliendelea kusoma. Kila mtu ana njia yake ya kulia.

Ila na sisi tulikuwa na mpangaji wa chumba cha nyuma. Ni fundi saa, mtaa mzima unamwita Bwana Saa, mtu mpole, anayekaa dirishani na kioo chake cha kukuzia jichoni kuanzia asubuhi. Ni mwenye haya kiasi kwamba hapigi hodi. Akifika mlangoni hukohoa, kakohozi kadogo, akangoja. Kila jioni nilimpelekea chai kwenye chupa ndogo ya kuhifadhi moto, na yeye huirudisha imeoshwa. Wifi, ambaye haachi kitu kipite bure, alimpa Mpangaji kikohozi hicho. Katika riwaya, kabla ya kila ubaya, mtu anakohoa mlangoni.

Mwanzoni ilikuwa mzaha. Bwana Saa alikohoa dukani na watu wakamwachia foleni yote. Akarudi na mkate wake akicheka, "Dada, leo nimekuwa mheshimiwa." Baadaye watu wakaanza kuja kuchukua saa zao kabla hazijatengenezwa. Alienda kununua dawa ya panya na mwenye duka, msomaji wa wifi tangu zamani, akamwambia imekwisha huku pakiti zimepangwa nyuma yake. Halafu mzee muuza magazeti wa kona ya mtaa wetu, mtu wa miaka mingi na mwenye presha, akafariki usingizini. Bwana Saa alikuwa amemfungia saa ya ukutani wiki ile ile, na bila shaka alikohoa mlangoni.

"Lisemwalo lipo," mtu akaandika kwenye kundi. "Kama halipo, laja," wakamalizia wengine, mmoja baada ya mwingine, hadi simu ikaanguka kutoka mezani.

Asubuhi moja jiwe likapita kwenye dirisha la Bwana Saa. Nilimkuta anaokota vipande vya kioo kutoka katikati ya vigurudumu vya saa, kimoja kimoja, kwa koleo yake ndogo. Hakuuliza nani wala kwa nini. Jioni yake watu wakasimama ng'ambo ya barabara, wake kwa waume, wametulia tu, simu mikononi, wanatazama chumba cha nyuma. Wengine nilikuwa nawafahamu. Niliwapungia mkono na hakuna aliyenipungia.

Nikaingia ndani nimewaka. "Wifi, wameshafika na mawe. Kesho watakuja na nini?"

Alikuwa dirishani, amesogeza pazia kidogo. "Wanaisikia hadithi," akasema. "Tangu nianze kuandika, hakuna walichokisikia namna hii."

Alikuwa na furaha. Sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alikuwa na furaha usoni kama mtu aliyepokea barua ya mchumba, na furaha ile ilinitisha kuliko jiwe.

"Waambie si yeye."

"Nikiwaambia ni hadithi tu watasema natishwa. Hawaniamini mimi, wifi. Wanaiamini hadithi."

"Basi iambie hadithi iseme." Na hapo ndipo ulimi wangu, huu mrefu, ukafanya kazi yake. Nilikuwa nimezisoma sura zile zote kwa sauti yangu, nazijua kwa pumzi. "Kwani umesema wapi kwamba Mpangaji ni mwanaume? Umesema aliingia, alikohoa, alikoroga. Nani? Yeye. Lugha yetu haimvui mtu nguo. Wasomaji wako ndio waliomvisha suruali. Mfanye mwanamke, sentensi moja tu, na Bwana Saa yuko huru."

Wifi aliachia pazia. Akanitazama kwa kitambo, akaanzia usoni akashuka hadi mikononi. Nilikuwa nakoroga chai yake. Nina mazoea, tangu utoto, ya kuonja sukari kwa ncha ya kidole kidogo kabla ya kumpa mtu kikombe. Nikaonja, nikampa. Akanywa yote, akanishukuru, akasema nina akili kuliko wahariri wote aliowahi kukutana nao. Nilivimba kichwa, mjinga mimi.

Sura iliyofuata hakunipa niisome. Alisema macho yangu yapumzike.

Jumamosi nilikwenda dukani. Foleni ilikuwa ndefu, na nilipofika ikafupika yenyewe. Nikadhani Bwana Saa yuko nyuma yangu, nikageuka kumtania. Hapakuwa na mtu. Nikaomba sukari.

"Hakuna," akasema mwenye duka.

"Na hiyo iliyo nyuma yako?"

"Imeagizwa, mama." Jana yake nilikuwa dada.

Pembeni alisimama binti wa saluni ya jirani, msomaji naye, simu mkononi. Nikamwomba anisomee. Alitazama huku na huku, kisha akasoma haraka haraka kwa sauti ya chini. Kikohozi mlangoni, kumbe, kilikuwa cha mgonjwa mwenyewe kitandani, sisi tulisikia vibaya. Mpangaji alikuwa mwanamke. Alikuja kukaa kwa kaka yake, akapewa chumba cha nyuma, akashika jiko. "Akaonja sukari kwa ncha ya kidole kidogo," binti akasoma, "kama alivyokuwa akionja tangu utoto wao, kisha akampa nduguye kikombe. Mke alikuwa kazini. Nani angemshuku wifi wa mtu?" Chini ya sura, mtu wa kwanza kabisa alikuwa ameandika: kikulacho ki nguoni mwako. Binti alizima simu na mkono wangu akaukwepa, ingawa sikuwa nimeunyoosha.

Sikumbuki njia ya kurudi. Wifi alikuwa mezani, anakula tunda.

"Umenifanya nini, wifi?"

"Nimemwokoa Bwana Saa. Si uliniambia mwenyewe?"

"Kwa kidole changu? Kwa kifo cha kaka yangu?"

"Ni hadithi tu." Hakuinua macho. Alikuwa anatoa mbegu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani.

"Na wewe unaamini?"

"Wifi, mimi natunga. Siamini wala sikatai." Ndivyo alivyojibu, na nilisubiri aongeze neno. Akatoa mbegu nyingine. Nilikaa kitandani kwangu nikalia kama ambavyo sikulia hata siku ya mazishi, maana siku ile angalau nilijua aliyekufa ni nani.

Bwana Saa alirudishiwa saa zake. Mwenye duka mwenyewe alimletea kioo kipya cha dirisha. Jioni nikampelekea chai kama kawaida, kwenye chupa nyingine, nikaikuta chupa ya jana mlangoni, imeoshwa, mfuniko umekazwa. Alitoka, kioo chake kimening'inia shingoni, akakohoa.

"Dada, asante sana kwa siku zote. Nimeacha chai."

"Tangu lini?"

"Daktari," akasema, na akaona haya, kwa sababu si mtu wa kusema uongo. Mimi ndiye niliyempigania. Asante ya punda ni mateke, wanasema, lakini hata kumkasirikia sikuweza. Alikuwa ameshaonja kuwa Mpangaji, na alifanya anachofanya mtu aliyeponea chupuchupu.

Jumapili wakaja wasomaji. Walikuja kumpongeza wifi, ndivyo walivyosema, lakini macho yao yaliingia jikoni kabla ya miguu yao kuingia sebuleni. Nilifikiri sana. Nikaona nikijificha nimekiri. Basi nikachemsha chai, nikaitia kwenye vikombe vizuri vya harusi ya kaka, nikaileta sinia nzima na bakuli la sukari, mikono yangu yote miwili ikionekana. Sikuonja kitu. Nikawagawia.

Walishukuru kwa adabu. Wakashika vikombe kwa visahani vyake, wakaviweka magotini, wakaendelea kuongea habari za mvua. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha. Hakuna aliyegusa. Mimi nikageukia mtu mmoja tu aliyekuwa na uwezo wa kunitoa pale.

"Wifi," nikasema, "kunywa basi. Wageni wanakungoja wewe."

Wote wakamgeukia. Neno moja lingetosha, hata bila neno, funda moja. Amekunywa chai yangu miaka mingapi huyu? Aliinua kikombe hadi kidevuni. Akaninusia chai yangu mbele za watu. Kisha akakishusha.

"Ngoja ipoe," akasema.

"Imeshapoa."

Nikasema sawa. Nikachukua kikombe changu nikakinywa chote nimesimama. Nikachukua cha mama wa karibu yangu kutoka gotini mwake, nikanywa. Nikaenda kwa wa pili, na wa tatu, nikizunguka chumba, chai baridi ikinidondoka kidevuni, na nilipokunywa cha mgeni wa mwisho nikawaonyesha ndani yake, nikasema, "Haya. Nipo. Mmeona?"

Walinitazama kwa makini, kama wanangoja. Kisha mwanamke mmoja mnene, yule yule aliyemlilia mwalimu, akamwinamia mwenzake. Alidhani ananong'ona.

"Sura ya tano," akasema. "Mpangaji naye alikunywa, ili asishukiwe."

Wakaitikia kwa vichwa wote, polepole, kwa kuridhika. Niliikumbuka sura ya tano. Niliisoma mwenyewe, kwa sauti, na sikukosa pumzi hata mara moja.

Nikamtazama wifi yangu. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa, na macho yake hayakuwa kwangu wala kwa wageni. Mkono wake ulikuwa unapapasa meza, unatafuta kalamu.