Aliyebaki Chumba cha Ndani

Hebu mtazame Mwalimu Aneth anavyofika. Fuso linapanda kilima cha Kisarawe kwa kunung'unika, naye yuko mbele pembeni mwa dereva, televisheni kaipakata kama mtoto mchanga, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Kachoka, ndiyo, lakini uso ni wa mtu aliyeshinda.

Unawajua wale ambao hata wakienda sokoni wameshapanga nyanya zikae wapi kwenye kapu? Aneth ni wa hao. Alikuwa akifundisha Kibaha, akatafuta mwenzake wa kubadilishana naye kituo, akampata Mwalimu Maulida wa Kisarawe. Wengine wangeishia hapo. Yeye akasema, kama tunabadilishana shule, nyumba je? Wenye nyumba wakakubali. Na gari likawa moja: asubuhi lilete vitu vya Maulida Kibaha, likishashusha lipakie vya Aneth lirudi navyo. Hakuna safari tupu, nauli wanagawana. Mumewe, Wilfred, anayefanya kazi Dar, alimsihi akaione nyumba kwanza. Aneth akamwambia ameshaiona kwenye picha, na kwamba kazi yake yeye ni kushuka Kisarawe jioni akute kitanda kimetandikwa.

Akafunga vitu kwa uvumilivu. Sahani akaziviringisha kwenye kanga, godoro akalivika nailoni, kitanda akakifungua na misumari yake akaitia kwenye soksi. Siku yenyewe, kabla jua halijatoka, kila kitu kilikuwa uani, ili Maulida akifika asikute kitu ndani.

Basi Dulla, dereva, akasimamisha gari. Aneth akashuka, ufunguo aliokabidhiwa na Maulida mkononi. Akakuta mlango uko wazi. Ikabidi apige hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Karibu," sauti ikamjibu kwa kunong'ona. "Ingia polepole."

Sebuleni, juu ya mkeka, alikaa mama mtu mzima akichambua choroko. Alikuwa Bi Hamisa, mama mkwe wa Maulida, ambaye Aneth aliambiwa angekwenda Kibaha kwa basi. Wakaamkiana, Aneth akapewa pole ya safari, kisha akaombwa ashushe sauti, kwa sababu chumba cha ndani kuna aliyelala. Akajua ni mgonjwa. Akausukuma mlango taratibu.

Kwenye kona, ndani ya tenga lililotandikwa gunia, kuku mwekundu alikuwa anaatamia.

Bi Hamisa akaeleza bila haraka yoyote. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita, kikafagia banda zima, akabaki huyo mmoja, na ndiyo kwanza amekubali kulalia. Kuku wa namna hiyo ukimhamisha anayasusa mayai, nayo yanaoza. Kwa hiyo wanawe amewaambia watangulie. Yeye atafuata na vifaranga vyake.

"Lini, mama?"

"Atakapomaliza yeye."

Aneth akauliza kama angeweza japo kufunga kitanda humo humo, upande wa pili. Bi Hamisa akataka kujua kama kitanda hicho kinagongwa. Kinagongwa, tena kwa nyundo. Basi hapana. Nyumba yenyewe ni chumba na sebule tu, na sebule nayo, ukiondoa mkeka, choroko na mabegi ya Bi Hamisa, ilibaki nafasi ya kochi moja, tena lisimame wima.

Nje Dulla alisikia habari hiyo akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Kwa hiyo mwalimu tumekwamishwa na kuku? Sista, mimi nashusha hapa hapa. Kuna watu wa mkaa wananisubiri." Na kweli akashusha. Kabati likasimama uani, jiko likapanda juu ya meza, godoro likaegemezwa ukutani, na juu ya vilima vya Pugu wingu likaanza kuwa jeusi.

Aneth akazunguka nyuma ya nyumba akampigia Maulida. Maulida hakukataa. Alijua tangu wiki iliyopita, akaogopa akisema mpango wa gari utavunjika. Yeye vitanda ameshafunga, watoto wanaoga, kurudi hawezi.

"Mhamishe tu, dada," akasema. "Mama atanuna, halafu yataisha. Mimi ningefanyaje? Yule ni mama mkwe wangu."

"Kwa hiyo umeniachia mimi?"

Aneth akakata simu, akakaa juu ya ndoo. Maandalizi yote yale, na hakuna aliyemwambia ajiandae kwa hili. Alitamani kumgombeza mtu, lakini aliyekuwepo ni bibi wa watu aliyemwekea tayari chai ya mchaichai.

Tone la kwanza likaangukia nailoni. Simu ikalia. Ni Wilfred, ameshuka stendi, anaomba aelekezwe.

Aneth akaingia chumba cha ndani, akachuchumaa mbele ya tenga. Kuku akatutumua manyoya, akamkazia jicho moja. Bi Hamisa akaja akasimama mlangoni. Hakumzuia.

"Nyumba ni yako, mwalimu, sina neno," akasema. "Ila mtoe wewe mwenyewe. Mimi mkono wangu hautaweza."

Uani mvua ikakolea juu ya kabati. Aneth akashika tenga huku na huku, akalisikia joto la yale mayai linapenya kwenye viganja.

Sasa wewe uliyekaa na mimi mpaka hapa, niambie: ingekuwa ni mikono yako, ungeinua?