Jinsi ya Kuhamia Kisiwani Ukitokea Tabora

Miaka yote niliyofundisha jiografia niliandika ubaoni kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Watoto wananakili, napiga vyema, kengele inalia, tunakwenda kunywa chai. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza mtu anayeishi humo ndani ya vyema vyangu anajisikiaje.

Kisha binti yangu, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Shelisheli. Akaolewa huko huko, akashika mimba, akanipigia simu akitaka nihame. Hakusema niende kumtembelea, alisema nihame. Niuze nyumba, nifunge virago, nikaishi naye, maana mumewe ni mtu wa melini, na yeye ana zamu za usiku, na mama ni mmoja tu. Mimi ni mjane, nimestaafu, na kinachonisumbua nyumbani ni kuku peke yao. Nikakubali. Ila moyoni kulikuwa na swali lililokataa kunyamaza: nikishauza nyumba, Tabora nitakuwa nani? Kule nitakuwa mgeni, na huku nikirudi nitaulizwa ninamtafuta nani.

Swali kama hilo mtu humpelekea mchungaji. Mimi nilimpelekea jirani yangu, naye ni Mzaramo.

Lazima nieleze hapa, kwa faida ya waliokulia mahali pasipo na raha. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walikuwa wakitoka huku na mizigo kichwani kwenda pwani, wanapita kwa Wazaramo, wanapigana, wanapatana, wanazoeana, mpaka wajukuu tukaachiwa ruhusa ya kutukanana bila kukasirika. Huyu wangu aliletwa Tabora akiwa mchanga, baba yake akiwa mtu wa reli. Tumepakana ua tangu nilipoolewa. Mimi kwake ni Mpagazi, yeye kwangu ni Mzaramo, na majina tuliyopewa na wazazi tumeyaacha kwenye vitambulisho.

Alipofariki mume wangu, huyu mama alikuja msibani amevaa koti la marehemu na kofia yake, akakaa kwenye kiti chake, akakohoa kikohozi chake kile kile, akauliza kwa nini chai imechelewa. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi mwenyewe nilicheka, nikashangaa kuwa bado naweza. Halafu akalikamata sufuria kubwa la wali, akalikalia, akasema halitoki mpaka likombolewe. Ndivyo mtani anavyofanya. Ukiwa na jambo kubwa anakuzuia njia, anataja bei ya kichaa, mnabishana, unatoa kuku au hata kiberiti, anakuachia. Usipozuiwa, jambo lako halijatimia.

Basi nikamwambia Mzaramo nahamia kisiwani.

“Babu zako waliiona bahari wakageuza,” akasema. “Wewe Mpagazi unataka kuivuka? Kule nchi ni ndogo. Ukitembea kama mlivyozoea, mchana utakuwa umeshaanguka ng'ambo ya pili.”

Tangu siku hiyo akajiteua kuwa mwalimu wangu wa visiwa. Bahari ameiona mara chache kwenye misiba ya ndugu zake, lakini anadai chumvi iko kwenye damu. Kila jioni alikuja na kigoda chake. Nilifundishwa nisilale miguu ikielekea majini, samaki wasije wakanizoea. Nilifundishwa namna ya kula pweza, kwa kutumia kisamvu, kwa sababu pweza Tabora hayupo. Siku moja alinitembeza kuzunguka nyumba yangu mpaka kizunguzungu kikanishika, akasema hilo ndilo zoezi kuu, kuzoea nchi ambayo ukiondoka mlangoni unarudi mlangoni.

Binti yangu naye alikuwa akituma mafunzo yake kwa ujumbe wa sauti, na yale yalikuwa ya kweli. Mama, usilete asali, uwanja wa ndege wataichukua. Usilete mbegu, wala nyama, wala kitu chochote chenye udongo, nchi ndogo inaogopa wadudu wa wenzao. Mama, vitu vingi vinakuja kwa meli, kwa hiyo meli ikichelewa usishangae kukosa vitunguu, jifunze kupika bila vitunguu. Ukiingia dukani sema bonzour kwanza, ndiyo salamu yao, ndipo uulize bei. Na mama, tafadhali, usimseme mtu mbele ya mtu. Huku wote ni ndugu, utakuta unayemsimulia ni shangazi wa huyo unayemsema.

Hilo la mwisho liliniuma kuliko la asali. Na asali nayo iliniuma sana. Mtu wa Tabora kwenda kwa mwanawe anayejifungua bila asali ni sawa na kwenda mikono mitupu, na mikono mitupu sijazaliwa nayo. Nilimuuliza kama naweza kuitia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Akasema, “Mama, wewe ni mwalimu.”

Mzaramo aliposikia habari za vitunguu alianza kunipimia kimoja kila jioni, nikinuse tu, ili pua ipate akiba. Nilimwambia Wazaramo ni watu wa kucheza ngoma mpaka shamba linageuka pori, wasinifundishe mapishi. Akasema heri pori lenye ngoma kuliko barabara yenye Mnyamwezi. Tukaendelea hivyo, na lile swali langu likapata usingizi kidogo.

Kisha akaja mnunuzi wa nyumba, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, mtu mpole, mwenye haraka ya kuhamishia familia mjini. Akapima sebule kwa futi, akapima jiko, akasema jiko atalivunja. Nikamwambia nitampa neno la mwisho kabla sijapanda treni. Mzaramo alikuwa uani kwake akianika nguo, anaona kila kitu, hakusema neno. Nikadhani amekosa tusi la haraka.

Asubuhi yake, nikiwa nafagia, alipita kando ya ua akanitazama.

“Shikamoo, dada,” akasema.

Nikaitikia marahaba kwa mazoea, kisha ufagio ukanikwama mkononi. Kweli mimi ni mkubwa kwake. Lakini mtani hana mkubwa. Tangu tufahamiane hajawahi kunipa shikamoo, hata nilipokuwa nimelazwa. Alikuja wodini akaniuliza kama kitanda kile wananilipisha kwa kilo.

Nikadhani anaumwa. Jioni hakuja na kigoda. Alileta ndizi za kupika zimefunikwa vizuri kwa kawa, akauliza hali, akauliza presha, akaaga. Siku zilizofuata ndiyo ikawa balaa. Ushauri wake ukaanza kuwa na maana. Dada, chukua dawa zako za kutosha pamoja na cheti cha daktari. Dada, vyeti vyako vya kuzaliwa na vya ndoa kavitolee nakala, na nakala zigongwe muhuri, ugenini watu huulizwa karatasi. Dada, kule mvua haina msimu, chukua mwavuli. Aliwauliza watu wa pwani kwa simu, akaniletea majibu. Hakuna hata moja lililokuwa la kipuuzi, nami nikaanza kuogopa.

Nilimchokoza kwa kila njia. Nilimwambia pilau yake hata paka wa sokoni huisusia. Akasema, “Kweli, dada, siku hizi mkono umechoka.” Nilimwambia wazee wake walitoza babu zangu kodi ya kupita njia ambayo hawakuilima. Akasema Mungu awasamehe wote. Nilirudi ndani nikabamiza mlango. Nilikuwa na hasira ya kweli, hasira ambayo mtu hatakiwi kuwa nayo kwa mtani. Nilijiambia amechoka nami, ananihesabu kama nimeshaondoka, na adabu ndiyo anayopewa mtu wa kupita.

Siku ya safari nilivaa gauni la kanisani. Treni ilikuwa ya alasiri, mpaka Dar, na kutoka hapo ndege. Bajaji ikaja, dereva akapakia begi langu kubwa na kikapu cha matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo binti yangu hakuyataja kwa hiyo nilihesabu yameruhusiwa. Simu ilikuwa mkononi, namba ya mtu wa Urambo iko tayari, imebaki kubonyeza tu.

Majirani walinipa mikono. Nikawa namsubiri mmoja. Kusema kweli nilikuwa nimeshapanga mpaka bei. Nilijua atakaa juu ya begi, atadai mbuzi, nitampa jogoo, atamkataa jogoo kwa kuwa ana sura ya Kinyamwezi, tutabishana mpaka dereva alalamike.

Mzaramo akatoka kwake amejifunga khanga safi. Akasimama mbali na begi. Mikono ameikunja kifuani.

“Safari njema, dada. Mungu akutangulie. Msalimie mtoto.”

Akasogea pembeni kunipisha.

Nilijaribu kupita nikashindwa. Nilimkaribia mpaka uso kwa uso, nikamwambia mbele ya watu wote, “Mzaramo, kwa nini hunizuii? Umeniona mimi maiti?”

Akaikunjua mikono.

“Maiti ningemtania,” akasema. “Maiti anabaki hapa hapa.”

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na gauni la kanisani likafuta machozi ya wawili. Wiki nzima nilidhani ananifukuza kwa adabu. Kumbe alikuwa hana la kufanya. Utani una mahali pake kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye ugonjwa, kwa kuwa kote huko mtu bado ni wako. Kwa mtu anayeuza nyumba na jiko likavunjwe hakuna utani uliowahi kutungwa, na yeye hakutaka kuwa wa kwanza kuutunga.

Nilisimama pale mlangoni, nikawaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza. Mwanangu ananihitaji, hilo halina mjadala. Lakini alichohitaji ni mama, hakuhitaji bei ya nyumba. Nikapiga ile namba ya Urambo, nikamwambia yule baba mpole kwamba aniwie radhi, nyumba siuzi. Naenda kulea mjukuu. Akishaanza kutembea na kuongea, narudi, nikimkumbuka nitakwenda tena. Niliyasema kwa sauti, ili asikie Mzaramo na wasikie na wengine. Binti yangu nitamweleza nikifika, na akinuna atanuna akiwa ameshiba matobolwa.

Nikakata simu. Mzaramo alikuwa amejifuta uso kwa pindo la khanga. Akaitazama bajaji, akalitazama begi, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba.

“Mpagazi gani wewe,” akasema, “unayepakia mzigo kwenye bajaji? Kichwa chako kina kazi gani?”

Akalishusha begi mwenyewe, akaliweka katikati ya njia, akalikalia kwa uzito wake wote, akaanza kufikiri kwa sauti atake mbuzi wangapi. Nikamwambia dereva azime injini.