Sikuimba Kifudu Bila Maiti

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae mbali na maikrofoni, eti kayamba langu lina kelele. Nikamjibu Mkurugenzi wa kikundi chetu cha muziki, "Baba, kayamba lisilo na kelele ni uchaga wa kuanikia dagaa." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikakaa palepale.

Nilikuwa nimetoka kukwangua chumvi Marereni, na shule niliiacha darasa la tatu. Nyinyi vijana mnaliona kayamba hotelini mkadhani ni pambo. Ni matete yaliyofungwa pamoja, ndani mna mbegu za mturituri. Ukilipeleka huku na huku mbegu zinamwagika, kidole gumba kinagonga. Mkurugenzi, mpiga gitaa, alitaka mambo mapya. Alilipitisha kwenye mtambo wa mwangwi, likalia kama mvua juu ya mabati. Nyimbo nyingine nilikung'uta ndoo ya chumvi ya mawe. Nilifanya yote. Mtu asiseme naogopa jipya.

Ukumbi wa Malindi watu walitoka kabla ya wimbo wa pili. Meneja wa hoteli moja Bofa akatuambia, "Pigeni za kukaribisha wageni. Hizi zenu zinawatia wasiwasi." Hatukupiga, akatufukuza na njaa zetu. Kijijini Sabaki tu ndiko watu walikotaka turudie kila wimbo.

Mwishowe magoti yakachoka, wengine wakahama, tukakubaliana kutoa albamu ya kuagana. Tulirekodi kwa Fundi Mitambo, Kilifi, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia sauti za nje. Ukabaki wimbo mmoja.

"Mama Kadzo," Mkurugenzi akasema, "tufunge na kifudu."

Kifudu ni ngoma ya matanga. Kwetu wanawake huiimba palipo na maiti, kumsindikiza. Ukiiimba bila maiti, unamwita.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Kikundi, Mama. Albamu hii ndiyo maziko yetu."

"Maziko gani, na asubuhi umemaliza mahamri ya watu wote?"

"Ni sanaa tu. Umekubali ndoo, umekubali mwangwi, leo unakwama kwa wimbo?"

"Ndoo haimwiti mtu. Tafuta mwimbaji mwingine, na jina langu ulifute."

Nikaweka kayamba sakafuni. Waitikiaji wangu wawili, mabibi wazima, wakavua hedifoni wakaketi nami. Mkurugenzi akabaki na gitaa lake na hana wimbo.

"Jamani, mtambo unaenda," Fundi akalalamika. "Narekodi ugomvi?"

"Rekodi," nikamwambia.

Nikaanza wimbo wa kupalilia mahindi, ule wa kumsuta aliyelala kivulini wenzake wakilima. Aliyelala nikampa jina la Mkurugenzi. Mabibi wakaitikia kwa vicheko. Akasimama amenuna, nami nikamsuta tena, mpaka gitaa likaanza kunijibu matusi yangu, na mwangwi wake wote. Huo ndio wimbo wa mwisho, na ugomvi wetu haukukatwa.

Sasa nimestaafu. Watu wananiuliza mbona albamu ya kuagana inaishia shambani, mbona hatulii. Tulie nini? Tumeacha kazi, hatujaacha kupumua. Mnaotaka kusikia kifudu, ngojeni nife. Siku hiyo imbeni nyinyi, na muimbe sawasawa, maana hapo sitaweza kuwakatalia.