Dereva Aliyemliza Jaafar Hadi Msambweni

Saa moja na robo asubuhi. Tuk-tuk anayoendesha Dishon Alusa imeshatoka Bongwe, imeiacha Ukunda nyuma, inashika barabara ya Msambweni. Nyuma wameketi Mwanapili na mkwewe, Bibi Chiku. Jaafar, wa miezi saba, amelala kifuani mwa mamake, mdomo kaufumba.

Dishon anakwepa kila shimo.

"Leo anaendesha kama kabeba mayai," anasema Bibi Chiku. "Siku ile alitutafutia mashimo."

Siku ile Jaafar alikuwa na siku nne. Akinyonya anaishiwa pumzi. Nyumbani walidhani ni chango, maumivu ya tumbo ya watoto wachanga, wakamwita Dishon awapeleke hospitali. Yeye ni mzaliwa wa Vihiga, alikuja pwani kutafuta kazi ya hoteli, haikupatikana.

Njiani mtoto alikuwa akilia. Bibi akambembeleza, akanyamaza. Punde Mwanapili akaona midomo imekuwa rangi ya wino. Akapiga kelele, Dishon akafunga breki, mtoto akashtuka, akalia. Rangi ikarudi.

"Nikaona, kumbe huyu akilia ndiyo anapumua," anasema Dishon. "Nikaacha lami, nikashika kando kwa mashimo, asilale."

"Nikamwambia, we mtu wa bara, tumekukodi utuue?"

"Na mimi nikakuambia, bibi, nitukane tu, lakini usimbembeleze."

Walifika Msambweni mtoto analia.

Mtoto mchanga hupumua kwa pua. Mdomo huufungua akilia. Jaafar alizaliwa na mfupa uliobana mlango wa pua, hali adimu sana. Hata mrija mwembamba wa kulishia haukupita. Alipelekwa Mombasa kwa ambulensi. Madaktari wakapasua chini ya mdomo wa juu, kwa ndani, wakachonga mfupa, wakaacha vijirija viwili puani kwa wiki mbili. Mwanapili alifundishwa kuvidondoshea maji ya chumvi na kuvuta makamasi visizibe.

Ila mwezi huu Jaafar ameanza kukoroma. Ikiwa njia imebana tena, atapasuliwa upya.

"Nalala nikimsikiliza," anasema Mwanapili.

Hospitalini, Daktari Viola anapitisha kamera nyembamba kwenye tundu moja la pua, kisha la pili. Mwanapili anamshika mtoto miguu.

"Njia iko wazi, mama. Ana mafua."

"Alhamdulillahi," anasema Mwanapili, na machozi yanamtoka.

Dishon yuko nje. Wakitoka, anasimama. "Bibi, wamesemaje?"

"Mafua, mwanangu. Mafua haya haya ya watu wote."

Jaafar atarudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Anakula uji. Mwanapili amerudi kwenye cherehani yake Kombani. Bibi Chiku humwombea Dishon dua kila Ijumaa, na Dishon, mtu wa kanisa, huitikia amina. Bado anaendesha tuk-tuk ya mtu. Anaweka akiba anunue yake, na mteja wa kwanza keshamchagua: Jaafar.