Shaba Kwa Waini ya Anti

Waini ya mananasi ya anti, dada ya babangu, ilianza kunuka mayai viza wakati mbaya kabisa. Ayie ya binti yake, siku ya kuleta mahari ya kwanza, ilikuwa karibu, wakwe walikuwa wanakuja Ndhiwa kuposa, na anti alikuwa ameshajigamba soko zima kwamba kwake hakuna mtu atapewa soda.

Jirani anayepika chang'aa akamwambia, "Ingiza kopa. Harufu itaisha."

Hakudanganya. Hata wanaotengeneza waini kiwandani hutumia shaba, lakini kidogo sana, halafu wanapima. Anti alitumbukiza paipu yote ya shaba ya jirani, ile ya kupikia chang'aa, kwa pipa moja kati ya mawili, kisha tukaenda matanga Migori. Na matanga yetu huendi ukarudi jioni. Tuliporudi, ule uchachu wa mananasi ulikuwa umekula paipu mpaka inang'aa kama mpya.

Harufu, kweli, hakuna. Anti akanywa gilasi, akajisifu, akaenda nyuma ya nyumba kutapika.

"Ni nyama ya matanga," akasema.

Nyama gani? Wote tulikula. Nilijaza chupa mbili, moja ya pipa hilo, moja ya lile lingine ambalo halikuwekwa shaba, nikaenda shule niliyomaliza. Mwalimu wa kemistri akaongeza amonia. Ile isiyo na shaba haikubadilika. Ile ya paipu ikageuka bluu, ishara ya shaba.

"Kujua ni kiasi gani, mpaka mashine ya lab kubwa," mwalimu akasema. "Lakini ikionekana kwa macho hivi, imepita. Inachoma tumbo. Mtu akizidi kuinywa, inaharibu ini."

Akanipa amonia kidogo nibebe. Nilipomwonyesha anti ile chupa ya bluu, alinitazama kama mchawi.

"Umeweka rangi."

Nikarudia mbele yake, chupa zote mbili. Ile ya paipu ikageuka tena.

"Yawa, nyathina, mtoto wangu, unataka wakwe wanicheke?"

"Si afadhali wacheke kuliko watapike?"

"Hii form four yako itaniua."

Lakini pipa alilimwaga yeye mwenyewe, kwa shimo la choo, hakutaka nimsaidie.

Siku ya ayie akatoa waini ya pipa lile lingine, kwa sababu alikuwa ameahidi. Mjomba wa bwana harusi akanusa gilasi, akainua kichwa.

"Mama, kuku wako wanataga humu ndani?"

Wakacheka mpaka wakashika meza. Anti alicheka pia, mdomo tu. Nikatumwa dukani kununua soda.

Hakuna mgeni aliyeugua. Hakuna aliyenishukuru pia, wangejuaje? Mapipa sasa yamelala kifudifudi nyuma ya jikoni, na anti hunisalimia kama anavyosalimia watu wa kaunti, "Hamjambo," hata nikiwa peke yangu. Akiinama kupalilia bado anashika tumbo. Nikimwambia twende hospitali, anasema ni nyama ya matanga.